Mfumo na Mtunzaji Wake

Mkoa wa Simiyu na Wakala ya Serikali Mtandao ni marika. Vyote viwili viliasisiwa mwaka 2012: mkoa kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza na Bariadi kufanywa makao makuu yake, wakala kwa kukabidhiwa dhima ya kusimamia matumizi ya kompyuta katika ofisi za umma za Tanzania. Hakuna aliyeupanga usadifu huo, walakini una maana kwa mtu atakaye kufahamu hali ya mambo. Kwani mkoa huu wa wakulima wa pamba na wafugaji, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 2,140,497, haukupata muhula mrefu wa utoto ambamo mambo yote yangaliandikwa kwa kalamu na kufungwa kwa kamba katika majalada. Mapema mno ulitakiwa uendeshe malipo, takwimu za zahanati, hesabu za halmashauri na orodha za shule kwa mashine. Na kila mashine iliyopandishwa mezani Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega ilikuja na suala lililojificha ndani yake, ambalo aghalabu halikuulizwa ila baada ya jambo kuharibika: kwa nini mfumo huu, na si ule?

Ili suala hilo lijibike, hatuna budi kuwajua washindani wenyewe. Kompyuta iwekwayo ili izihudumie kompyuta nyingine huitwa seva. Juu ya chuma chake hukaa mfumo endeshi, ambao kazi yake ni kugawa nguvu za mashine, kuyapanga mafaili, na kuamua nani aruhusiwe kuingia na nani azuiwe mlangoni. Na juu ya mfumo endeshi hukaa programu za huduma, kama ile itoayo kurasa za tovuti, ile itunzayo hifadhidata, na ile ipelekayo barua pepe. Katika kila daraja kuna ushindani. Windows Server ya Microsoft huuzwa kwa leseni, na maandiko yake ya ndani ni siri ya kampuni. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, maandiko yake yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma na kuyabadili, nayo hugawiwa kwa koo nyingi, kama vile Debian, Red Hat na Ubuntu, huu wa mwisho ukiwa umeasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Iko pia FreeBSD, yenye asili yake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo wenye kuijua huisifu kwa uthabiti. Kwa kurasa za tovuti, IIS ya Microsoft hushindana na Apache na Nginx. Kwa hifadhidata, SQL Server na Oracle hushindana na MySQL na PostgreSQL.

Mashabiki wa pande hizi mbili, ule wa leseni na ule wa maandiko yaliyo wazi, hawapungukiwi na maneno. Wa upande wa kwanza husema kwamba kitu kilichonunuliwa kwa fedha kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana wajibu wa kukitengeneza kikiharibika. Wa upande wa pili hujibu kwamba kilicho wazi hukaguliwa na macho mengi, hakidai ada ya leseni, na hakimfungi mtu katika mikono ya kampuni moja maisha yake yote. Hoja zote mbili zina ukweli, na zote mbili zina upungufu mmoja: huuzungumza mfumo kana kwamba unaishi peke yake. Mkulima wa Meatu anayetaka trekta hamwulizi muuzaji nguvu za injini tu. Huuliza pia vipuri vyapatikana wapi, na fundi anayelijua yuko mji gani, maana trekta bora lisilo na fundi huota majani kabla ya msimu wa pili. Kadhalika mfumo wa kompyuta: usalama wake, umri wake na faida yake hutegemea mtunzaji kuliko jina lililochapwa juu ya kasha. Hilo ndilo nitakalo kulithibitisha kwa mambo yaliyokwisha kutokea, mengi yao hapa kwetu.

Tanzania ilipata somo lake la kwanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikafuatwa na nyingine yenye nguvu zaidi, zote za makampuni ya Uingereza, na ikaazimiwa kwamba hesabu za serikali zihamishiwe humo. Azma ilikuwa njema. Lakini waliozijua siri za mashine hizo walikuwa hasa wataalamu wa kigeni waliokuja kwa mikataba na kuondoka kwa mikataba, wenyeji waliofunzwa walikuwa wachache, na kazi ya hesabu ikavurugika hata ikabidi watu wairudie kalamu. Mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kuzuia kompyuta zisiingizwe nchini, pamoja na televisheni, na kwa miaka mingi baadaye aliyetaka kuingiza kompyuta alihitaji kibali maalumu.

Vijana wa leo huisimulia amri hiyo kama kichekesho. Ukiitazama kwa insafu, utaona kwamba walioitoa walikuwa wameuona ugonjwa sawasawa, ingawa dawa waliyoichagua ilikuwa kali kuliko maradhi. Mashine za Kiingereza hazikuwa mbovu, wala hakuna dalili kwamba za Kimarekani zingalifaulu mahali pale. Kilichokosekana ni watu wa kudumu ambao wangaliweza kuuliza kwa nini jumla ya leo haikubaliani na ya jana, na wakajipatia jibu bila ya kusubiri mgeni arudi kutoka likizo.

Miaka 30 baada ya amri ile, ushindani wenyewe ulifika hata katika lugha yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kufanyia hesabu ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Nayo Microsoft mwaka huo huo ikatangaza nia ya kuzitia bidhaa zake katika Kiswahili, nia ambayo iliitimiza baadaye. Ilidhaniwa kwamba karani wa wilayani sasa ataitawala kompyuta kwa lugha aitumiayo kutwa. Hata hivyo, leo ni nadra kuikuta ofisini kompyuta yenye menyu za Kiswahili, iwe ya upande huu au ule. Kazi ya kutafsiri ilifanywa kwa bidii na kwa elimu. Iliyolegea ni ile kazi isiyo na shangwe ya kulifuata kila toleo jipya, ya kuwafunza makarani, na ya kuhakikisha kwamba kompyuta mpya zinatoka dukani zikiwa na lugha hiyo ndani yake.

Mfano uliofaulu, na ambao zahanati za Simiyu zinaushiriki kila mwezi, ni ule wa takwimu za afya. Mgonjwa anapofika katika zahanati ya kijiji, mhudumu humwandika katika rejista ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1990. Mwezi ukiisha, waliougua malaria, waliojifungua, waliochanjwa na waliofariki huhesabiwa, jumla zao zikaandikwa katika fomu, na fomu zikapelekwa wilayani. Kilichoziokoa fomu hizo zisigeuke mrundiko wa karatasi ni programu iitwayo DHIS, ambayo historia yake ni darasa kamili la suala tulilonalo.

Ilianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na vyuo vya huko. Toleo la awali lilijengwa juu ya Microsoft Access, na sababu yake ilikuwa ya busara: ofisi za afya zilikuwa tayari na Windows na Office, na mtu wa wilayani aliweza kuifungua programu hiyo bila ya kuhitaji seva wala intaneti. Zanzibar ilianza kuitumia mwaka 2005. Lakini busara ya muongo mmoja yaweza kuwa kizuizi cha muongo ufuatao. Kila ofisi ilikuwa na faili lake katika kompyuta yake. Faili hilo lilichukuliwa kwa diski au flashi hadi ngazi ya juu, likaunganishwa na mengine. Na ilipotakiwa safu moja mpya iongezwe katika fomu, ilibidi kompyuta zifuatwe moja moja zilipo. Virusi navyo vilipanda basi pamoja na flashi.

Katikati ya miaka ya 2000 waasisi wake waliijenga upya, ikawa DHIS2: programu huria iliyoandikwa kwa Java, inayokaa katika seva na kufunguliwa kwa kivinjari chochote, na ambayo aghalabu huendeshwa juu ya Linux na hifadhidata ya PostgreSQL. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011 kwa seva ya kati, na Tanzania Bara ikaifikisha mikoani kufikia mwaka 2013, kazi ya kuilea ikifanywa na Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu hapo mtu wa takwimu wa Bariadi hana haja ya kujua seva inatumia mfumo gani. Ahitajicho ni kivinjari, bando na nywila. Mwenye haraka atasema: basi, Linux imeishinda Windows. Hasha. Mezani mwa mtu huyo huyo wa takwimu aghalabu kompyuta ni ya Windows, na lile toleo la Access halikuwa kosa kwa zama zake. Kilichoshinda ni mpango wa kazi: mlango mmoja wa kulindwa badala ya mia, na watu wa chuo kikuu cha nchini ambao waweza kuifungua programu hiyo hadi ndani, wakairekebisha na kuwafunza wengine, bila ya kuomba ruhusa Oslo.

Mpango wa mlango mmoja una hatari yake pia, nayo si ya kufichwa. Mtandao ukikatika, mkoa mzima husubiri. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizodhoofika zaidi kwa intaneti. Siku kama hizo ndizo zinazoonyesha tofauti baina ya seva iliyowekwa ng'ambo, ambayo kila ombi la kuifikia lazima livuke bahari, na seva iliyowekwa ndani ya nchi, ambayo Bariadi yaweza kuifikia kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano peke yake. Mwenye kuchagua mfumo amechagua nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mahali utakapokaa.

Upande wa fedha nao una habari yake. Kwa muda wa miaka 20 hivi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hesabu za serikali na baadaye za halmashauri ziliendeshwa kwa Epicor, programu ya kampuni ya Kimarekani, yenye leseni zake na bei zake. Haikuwa programu ya kudharauliwa, kwani iliwazoeza wahasibu nidhamu ya kutoidhinisha malipo yasiyokuwamo katika bajeti. Hata hivyo Wizara ya Fedha, kwa kutumia wataalamu wa nchini, iliunda MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, ukachukua nafasi yake. Na kabla ya hapo, mwaka 2017, wataalamu wa humu humu walikuwa wameleta GePG, ambao kwa mwananchi wa kawaida ndio ile kontroo namba anayopewa alipapo kodi ya kiwanja au ada ya leseni ya biashara. Faida ya kuunda chako ni kwamba marekebisho hayangoji bei ya mtu. Gharama yake ni kwamba lawama nazo zote ni zako: likitokea tundu, hakuna kampuni ya ng'ambo ya kuandikiwa barua kali.

Hapo ndipo tunapofika katika usalama, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwanza na wanunuzi hulielewa mwisho. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani ikavamia kompyuta za Windows katika nchi zaidi ya 150, ikayafungia mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Watu wengi walihitimisha kwamba Windows haifai. Lakini Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuliziba tundu ambalo WannaCry ililipitia, tarehe 14 Machi, siku 59 kabla ya uvamizi. Waliokipokea kiraka hicho walinusurika. Walioumia zaidi ni wale waliokiahirisha, pamoja na wale waliokuwa wakitumia matoleo yaliyozeeka kupita kiasi cha kuhudumiwa.

Upande wa programu huria nao haukusalimika. Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya siri ya sehemu kubwa ya seva za dunia, ilikuwa na tundu lililopewa jina la Heartbleed, ambalo mtu baki aliweza kulitumia kunyonya nywila na funguo kutoka katika kumbukumbu ya seva. Nalo lilikuwamo tangu toleo la Machi 2012. Macho mengi yaliyosifiwa yalikuwa na ruhusa ya kutazama kwa miaka miwili, na hayakutazama, kwa kuwa kazi ile iliyotumiwa na mabenki na serikali iliangukia mikononi mwa watu wachache mno. Machi 2024 ikafuata hila iliyo ya ajabu zaidi: mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujitolea kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, alipenyeza mlango wa siri katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika Linux nyingi. Aliyeigundua hila hiyo ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye aliona kwamba kuingia katika seva yake kulichelewa kwa nusu sekunde, asiridhike, akachimba hadi akakuta sababu. Ruhusa ya kutazama iliwafaa watu siku ile kwa sababu palikuwapo mtu mmoja mwenye tabia ya kutazama.

Majirani zetu nao wana la kutufunza. Januari 2012 mdukuzi aliyesemekana kuwa Mwindonesia alizichafua kwa mpigo tovuti 103 za serikali ya Kenya. Hakuna shirika la ujasusi lililohitajika kwa kazi ile. Tovuti za ofisi za umma, hapa kwetu na kwingineko, huzinduliwa kwa hotuba na kisha zikaachwa. Habari ya mwisho iliyobandikwa ni ya mgeni rasmi aliyefika miaka mitatu iliyopita, na programu inayoziendesha ni ya umri ule ule.

Atakaye kulitazama jambo hili kwa karibu zaidi na aingie katika duka la steshenari karibu na stendi ya Bariadi, wakati wa mitihani ya mihula. Pana kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi, na foleni inayofika nje barazani. Mwalimu anatoa flashi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nichapie hiyo ya darasa la sita, nakala mbili kwanza niione.”

Kijana anaichomeka. Mafolda yote yanaonekana yamegeuka alama ndogo zenye mshale pembeni, kila moja ya kilobaiti moja au mbili. “Mwalimu, flashi imeingiwa na virusi.”

“Imevitoa wapi, na jana nilichapa hapa hapa?”

Kijana hana jibu, ila mikono yake ina uzoefu: anafungua dirisha jeusi, anaandika amri ya kuyafichua mafolda yaliyofichwa, na mitihani inarejea. Ugonjwa wenyewe hauondoki. Mteja afuataye atauchukua. Windows iliyomo katika kompyuta ile ilipigwa na fundi bila leseni, na ili isidai leseni fundi aliweka programu ya hila iliyomtaka kwanza aizime kinga ya virusi. Masasisho nayo yamezimwa kwa makusudi kwa kuwa yanakula bando. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tarehe zote mbili zilipita bila ya kusikika katika maduka mengi. Ndipo tunapoona kwamba “urahisi” wa mfumo ulioibwa umelipwa na mwalimu, na angalikuwa amebeba rekodi za wagonjwa badala ya mitihani, ungalilipwa na wagonjwa.

Seva inapowekwa kwenye intaneti huwa katika mtihani mkali kuliko kompyuta ya dukani. Haihitaji kuwa maarufu ili ijaribiwe. Msimamizi akifungua daftari ambamo seva huandika yanayotokea mlangoni, atakuta mistari kwa mamia, sekunde chache baina ya mmoja na wa pili: anwani fulani ya nchi ya mbali imejaribu kuingia kwa jina la mtawala mkuu na imeshindwa, imejaribu tena kwa jina la “test”, ikashindwa, tena kwa jina la “oracle”. Hakuna mwanadamu anayeandika majina hayo usiku kucha. Ni mashine zinazozunguka duniani zikibisha kila mlango, iwe ni wa Linux au wa Windows, zikitafuta mmoja ambao nywila yake ni jina la ofisi likifuatwa na mwaka. Seva yenye nywila ya namna hiyo imekwisha kuingiwa, na jina la mfumo wake halitaisaidia.

Linalofuata ni la kwetu hasa, nalo halimo katika vitabu vya ng'ambo: uhamisho. Afisa TEHAMA wa halmashauri aweza kuwa mmoja au wawili, na kazi yao ni pamoja na printa zisizochapa, mikutano ya video na kompyuta za wakuu wa idara. Siku mmoja wao akihamishwa kwenda mkoa mwingine, huondoka na nywila zilizo kichwani mwake, na ujuzi wa sababu iliyomfanya aifunge bandari fulani ya mtandao na kuiacha nyingine. Anayekuja humkuta mnyama asiyemjua. Ikiwa seva ilijengwa kwa mfumo wa nadra, uliochaguliwa kwa sababu aliyetangulia aliupenda, basi mrithi wake ataiogopa kuigusa, na seva isiyoguswa haisasishwi. Kwa hiyo mfumo unaojulikana na wengi, hata kama si mzuri kuliko yote, mara nyingi huwa salama zaidi Bariadi kuliko mfumo bora unaojulikana na mmoja.

Sheria nayo imeingia katika hesabu hii. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliigeuza wakala ile ya 2012 kuwa Mamlaka, na taasisi za umma zinatakiwa kuipelekea miradi yao ya TEHAMA ikaguliwe kabla ya kuianza, jambo linalozuia kila ofisi isijinunulie kisiwa chake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, imewabebesha wenye kukusanya taarifa za watu, wa serikali na wa binafsi, amana ya kuzilinda, chini ya uangalizi wa Tume ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, chama cha msingi cha wakulima wa pamba chenye majina, namba za simu na malipo ya wanachama wake kimekwisha kuwa mlinzi wa siri za watu, ijapokuwa siri hizo zimo katika faili la Excel lililoko katika kompyuta ya katibu.

Je, basi, nani achague nini? Mwenye duka la steshenari ana njia mbili za halali. Ya kwanza ni kununua kompyuta iliyokuja na Windows ya leseni na kuyaachia masasisho yaingie usiku bando likiwa nafuu. Ya pili ni kuweka Linux pamoja na LibreOffice bila ya kulipa kitu, akijua kwamba virusi vingi vya flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows na havitamdhuru, ila barua nyingine za wateja zilizoandikwa kwa Word zitafunguka zikiwa zimehama mistari. Chama cha msingi hakina haja ya seva kabisa. Kinahitaji kompyuta moja safi, nywila isiyo jina la chama, na nakala rudufu iliyohifadhiwa nje ya jengo, ambayo imewahi kurejeshwa ikaonekana kwamba inafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni dhana tu.

Halmashauri na hospitali zina mzigo mkubwa zaidi. Mifumo yao mikuu imekwisha kuamuliwa ngazi ya taifa, na hilo ni jema. Lakini kila seva inayobaki mikononi mwao, na kila programu wanayoletewa na mfadhili au muuzaji, iulizwe mambo yale yale kabla ya kupokewa. Nani ataisasisha, na kwa ratiba gani? Toleo hili litahudumiwa hadi mwaka gani, ikikumbukwa kwamba hata zawadi huweza kuondolewa, kama walivyoona watumiaji wa CentOS 8, Linux ya bure iliyoahidiwa huduma hadi 2029, ambao Desemba 2020 waliarifiwa kwamba huduma itakoma mwisho wa 2021? Taarifa zetu zitatoka vipi siku tukitaka kuhama, na katika umbo ambalo programu nyingine yaweza kulisoma? Na ni watu wangapi, ndani ya mkoa huu au Mwanza, wanaoweza kuitengeneza saa nane usiku umeme ukirudi nayo ikagoma kuwaka? Mfumo utakaojibu vyema maswali hayo ndio wa kuchaguliwa, uwe wa Microsoft au wa bure; na pale majibu yanapolingana, ule ulio wazi una haki ya kutangulizwa, kwa sababu vijana wetu waweza kujifunza ndani yake bila ya kulipa, na walichojifunza hakiishi leseni ikiisha.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla yake. Katika majedwali hayo ununuzi wa seva hupata sahihi kwa sahala, kwa kuwa seva huonekana na hupigwa picha siku ya kupokewa; mstari wa mafunzo na matengenezo hauonekani, nao ndio unaofutwa kwanza fedha ikipungua. Diwani wa Bariadi hahitaji kujua tofauti ya Linux na Windows ili ailinde hospitali ya halmashauri yake. Anachohitaji ni kuutafuta mstari huo katika jedwali, na kukataa usifutwe.